Mji Mnaoupita

Kila mwaka, shule zikaribiapo kufungwa, mabasi huteremka kutoka bara yakiwa yamejaa wanafunzi waendao Mombasa kutembea. Nami, msomaji wangu, nimekwisha kuyapanda mabasi hayo mara nyingi, kwa maana ni mwalimu, na mwalimu kijana ndiye apewaye kazi ya kuhesabu vichwa. Kwa hiyo nisemayo siyasemi kwa kusimuliwa. Nasema ya kuwa wengi wenu mjao Mombasa hamwioni Mombasa, na kosa hilo si lenu peke yenu.

Itazameni safari yenyewe. Asubuhi mwapigwa picha chini ya zile pembe kubwa za Moi Avenue, ambazo si pembe za ndovu bali ni madini matupu, zilizosimamishwa katika miaka ya 1950 kwa heshima ya wageni wa kifalme kutoka Uingereza. Kisha mwaingizwa Ngome ya Yesu kwa nusu saa, mwatolewa mbio kwenda ufuoni, mwapanda ngamia, mwala viazi karai, mwarudi. Wiki ifuatayo mwaandika insha, nami naisoma: "Bahari ilikuwa kubwa sana." Ni kubwa, sikatai. Lakini je, mzazi aliyeuza mbuzi ili alipe nauli aliuza kwa habari hiyo?

Wapo watakaonijibu, "Mwalimu, hayo mengine ni misikiti na makanisa, sisi hatukuja kusali." Na mwingine ataongeza kwamba msikiti si wake, au kanisa si lake, hivyo halimhusu. Hoja hiyo nimeisikia hata katika vyumba vya walimu, nami naikataa kabisa. Wareno walianza kuijenga ngome yao mwaka 1593. Lakini mwendo mfupi tu kutoka hapo, katika Mji wa Kale, upo Msikiti wa Mandhry, ambao watu wa mji huhesabu mwanzo wake mwaka 1570. Ngome imekwisha kuwa ya Wareno, ikahusuriwa na Waomani tangu 1696 hata 1698 ikaanguka, ikawa gereza la serikali ya kikoloni, na tangu 1960 ni makumbusho. Msikiti ule ulikuwa msikiti, na hata leo ni msikiti. Sasa niambieni, kati ya majengo hayo mawili, ni lipi lililo na habari zaidi za watu wenyewe wa Mvita? Nanyi mwalipita kama ukuta wa mtu asiyejulikana.

Au litazameni Kanisa Kuu la Ukumbusho la Waanglikana, lenye kuba ambalo mgeni huweza kulidhania la msikiti. Mtu asiyetaka kutazama ila jengo la dini yake hawezi kujua jinsi watu wa mji mmoja walivyoazimana hata umbo la paa.

Lakini haya yote ni madogo mbele ya Kengeleni. Ukivuka daraja la Nyali utamsikia manamba akiliita jina hilo, na abiria wakishuka. Mahali hapo paliitwa hivyo kwa sababu ya kengele ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana yapata mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, watu walionyang'anywa kwao, wakaanza upya katika nchi ngeni. Kengele iliwaita kusali. Tena iliwaonya walipokuja watu wa kutaka kuwarudisha utumwani. Mimi mwenyewe nilipapita mahali hapo miaka mingi nisijue neno. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, kengele yenyewe iko wapi?" Nikamwambia tunachelewa ufuoni.

Sisemi kwamba mwingie kila mahali kwa vishindo. Liko kosa la kudharau, na liko kosa la kukodoa macho. Nyumba ya ibada si duka la vinyago. Huombi ruhusa, huingii. Viatu huvuliwa msikitini na hekaluni. Wala mtu aliye katika sala hapigwi picha. Msitu wa Kaya Kinondo, huko Diani, ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda, ambazo tangu 2008 zimo katika orodha ya urithi wa dunia, na mgeni hufungwa shuka nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, wala haruhusiwi kutoka na hata jani. Hakuna ukuta wala mlango pale, ni miti tu. Nimewaona vijana watundu wakinyamaza pale kuliko wanyamazavyo kwenye gwaride la shule.

Mwaka mmoja kijana wa shule yetu alikutwa akichonga jina lake na kidato chake katika ukuta mkongwe wa matumbawe. Nilipomkemea, alinijibu kwa adabu kwamba Wareno nao walichorachora katika kuta za ngome, na michoro yao imewekewa ulinzi. Nakiri, jibu halikunijia upesi. Ni kweli: mabaharia walichora merikebu zao na watu, nasi leo twajifunza kwayo. Lakini wao walichora katika kuta walizozijenga na kuzilinda wenyewe. Huyu alichonga katika ukuta wa watu, nalo jina lake halitufunzi ila kwamba alikuwa na msumari. Tena wale walikuwa wachache, na ninyi mwaja kwa mabasi.

Basi mkiulizwa mwaka huu mwataka kwenda wapi, wambieni walimu wenu wapunguze saa moja ya ufuoni, mtembee kwa miguu katika Mji wa Kale, mkamsikilize mzee aketiye barazani, mkamwamkie kwanza. Ngamia hatanuna. Nami safari ijayo nitalisimamisha basi Kengeleni, ingawa yule kijana amekwisha kumaliza shule na jibu lake ningali nadaiwa.