Moyo wa mwanamke Katavi: Hesabu ianzie kliniki ya wajawazito

MKOA wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, hutajwa sana panapozungumzwa mimba za utotoni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 uliuweka wa kwanza nchini: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Mjadala huo hukomea kwenye shule na uzazi, moyo hausemwi. Hata hivyo, kifafa cha mimba huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza, mabinti wadogo wakiwamo, na aliyepatwa nacho hubaki na hatari ya takribani maradufu ya kuugua moyo au kiharusi miaka ya baadaye, hata kama shinikizo la damu lilishuka baada ya kujifungua.

Hatari nyingine ni lehemu, na hapa wengi hupotoshwa na tarakimu moja. Kwa kuwa mafuta hayayeyuki katika damu, lehemu husafirishwa ndani ya chembe ndogo sana. Kinachoumiza mshipa ni wingi wa chembe zinazopenya ukuta wake na kunasa humo. Shehena ileile ya mpunga yaweza kutoka Mpanda kwa malori matano au kwa mamia ya bodaboda. Msongamano barabarani hauwi mmoja. Mwanamke mwenye kisukari au mafuta mengi tumboni aghalabu huwa na chembe nyingi zilizobeba kidogo kidogo, hivyo kipimo cha kawaida huweza kumpa faraja asiyostahili. Hedhi ikikoma, lehemu mbaya hupanda tena.

Umuhimu wa kupima mapema ulidhihirika Agosti 2024, watafiti wa Marekani walipochapisha matokeo ya wanawake 27,939 waliofuatiliwa kwa miaka 30. Kipimo kimoja cha damu, kilichochukuliwa mwanzoni, kilibashiri maradhi ya moyo miongo mitatu mbele. Ni kweli kwamba wengi wao walikuwa wazungu wenye taaluma za afya, si wakulima wa Mlele. Lakini mishipa huziba kwa njia ileile.

Kuhesabu chembe zenyewe ni gharama, na si kila maabara huweza. Ipo njia nyepesi: kutoa lehemu nzuri katika lehemu yote. Wanawake wawili wenye 5.0 kila mmoja hawalingani ikiwa lehemu nzuri ya mmoja ni 1.6 na ya mwenzake 0.9, wa kwanza hubaki na 3.4, wa pili 4.1. Hesabu hiyo haihitaji mashine mpya wala kufunga kula, bali karatasi na kalamu.

Kinachokosekana ni kumkumbuka mama. Kadi yake ya kliniki huandikwa shinikizo la damu mwezi hadi mwezi. Mtoto akizaliwa, mizani na chanjo huhamia kwake. Mama akirudi hospitali akiwa na miaka 50, akilalamikia uchovu na pumzi kukata, mara chache huulizwa mimba zake zilikwendaje.