Muuguzi, Leseni na Faili Lililopotea

Mwaka juzi mpwa wangu, binti wa dada yangu, alinipigia simu kutoka Marekani. Baada ya shikamoo alisema, "Mjomba, nakuomba uende chuoni kwetu. Barua pepe zangu hazijibiwi." Huyu ni muuguzi mwenye astashahada, aliyetumikia zahanati ya kijijini kwa miaka sita na kuzalisha akina mama kwa mwanga wa tochi. Huko alikomfuata mumewe, alikuwa akiogesha wazee kwa ujira wa saa, kwa kuwa hakuwa na leseni.

Ili tuelewe alichohitaji, yatupasa tuelewe ngazi zenyewe. Sisi tunao Muuguzi mwenye astashahada, Afisa Muuguzi Msaidizi mwenye stashahada na Afisa Muuguzi mwenye shahada. Marekani nako kuna madaraja. Yupo muuguzi wa vitendo, maarufu kwa kifupi LPN, afanyaye kazi chini ya usimamizi; na yupo muuguzi msajiliwa, yaani RN, ambaye hupima hali ya mgonjwa, hupanga huduma na huwajibika kwa uamuzi wake. Kila jimbo lina bodi yake ya uuguzi na masharti yake. Kwa jumla, aliyesomea ngazi ya astashahada huhesabiwa katika daraja la LPN, na mtihani wa RN haufunguliwi kwake kwa sababu ya uzoefu peke yake, hata uwe wa miaka ishirini.

Njia ya kupanda ipo, nayo haina siri. Kwanza, vyeti hupimwa na chombo kinachokubaliwa na bodi ya jimbo. Kinachojulikana zaidi ni kile kilichoanzishwa mwaka 1977 kwa jina la CGFNS. Pili, akikubaliwa, hufanya mtihani wa NCLEX-PN na kupata leseni ya LPN. Tatu, hujiunga na kozi ya daraja ya kutoka LPN kwenda RN, mara nyingi katika vyuo vya jamii, ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja hadi miwili baada ya kukamilisha masomo ya msingi kama anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia. Mwisho ni NCLEX-RN: maswali 85 hadi 150 kwa muda usiozidi saa tano, na kompyuta huongeza ugumu kadiri mtahiniwa anavyojibu vizuri.

Msomaji atadhani kikwazo kikubwa ni mtihani huo. Kwa mpwa wangu kikwazo kilikuwa karatasi. Wapimaji hawapokei transkripti kutoka mkononi mwa mwombaji. Hutaka itumwe na chuo chenyewe. Tena hawatosheki na majina ya masomo na alama. Hutaka kujua saa za nadharia na saa za mazoezi wodini: magonjwa ya watu wazima, upasuaji, uzazi, watoto, afya ya akili.

Nilikwenda chuoni. Karani alinipokea kwa heshima, akaniambia nirudi Jumatatu. Jumatatu mwenye ufunguo wa chumba cha majalada alikuwa safarini. Safari ya tatu niliambiwa faili halionekani. Safari ya tano lilionekana, lakini saa za wodini hazikuwa zimeandikwa popote. Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyetusaidia kupata mtaala wa mwaka ule. Ilitimia miezi kumi na minne kabla bahasha haijatumwa. Nami ni mhadhiri, najua milango ya kugonga. Je, mtoto wa mkulima asiye na mjomba wa namna hiyo?

Najua pingamizi litakalotolewa: kwa nini tuwarahisishie wauguzi kuondoka ilhali wodi zetu zina upungufu? Hoja hii ni nzito. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania miongoni mwa nchi 55 ambazo mataifa tajiri hayapaswi kuzifanya shamba la kuvuna watumishi wa afya. Lakini kanuni za shirika hilohilo, zilizopitishwa mwaka 2010, zinatambua uhuru wa mtumishi mwenyewe kuhama. Upungufu hutibiwa kwa ajira, mishahara na nyumba za watumishi. Faili lililopotea halimrudishi muuguzi zahanatini. Humfanya tu aogeshe wazee ughaibuni kwa ujira wa chini kuliko stahili yake.

Isitoshe, faili hilohilo humwumiza aliyebaki. Muuguzi wa Namtumbo anayetaka kujiendeleza hadi stashahada huhitaji kumbukumbu zilezile. Na laiti mpwa wangu angepata nafasi ya kupanda ngazi hapa nyumbani kabla ya kuondoka, huenda angepimwa moja kwa moja kwa daraja la RN, na wagonjwa wetu wangefaidi ujuzi huo kwanza.

Kwa hiyo nasema: kila chuo cha uuguzi kimkabidhi mhitimu, siku ya mahafali, transkripti inayoonyesha saa za nadharia na za wodini kwa kila somo. Kumbukumbu zihifadhiwe kidijitali, na maombi yawekewe ukomo wa siku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tayari inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zinazomhusu. Kilichobaki ni sisi, tulio maofisini, kuacha kuigeuza haki hiyo kuwa hisani.

Mpwa wangu sasa ni LPN, na yumo katika kozi ya daraja. Miezi ile kumi na minne hakuna atakayemrudishia. Wewe mtumishi usomaye haya, huenda mezani pako pana barua ya namna hiyo. Ijibu leo.