Mshipi wa Kujitengenezea Ni Sawa, Risasi ya Betri Hapana

Wasee, mmeona zile video: mzungu yuko kwa boti huko Alaska, anakokota chambo polepole nyuma yake, salmoni inakamata. Kabla ya hapo ameonyesha vile alijitengenezea kila kitu nyumbani, kijiko kinachong'aa, shanga, uzi, ndoano. Sasa vijana wa huku Moi's Bridge wameanza kuiga. Naunga mkono kabisa. Ila kuna kitu kimoja sitanyamazia.

Kwanza tuelewane: Nzoia haina salmoni. Ndugu yake wa karibu hapa Kenya ni trauti, na huyo anataka mito baridi ya milimani. Boti pia hatuna, na wala si shida. Mzungu anaendesha boti ndio chambo kipate mwendo. Hapa mto wenyewe unatembea. Rusha chambo, shikilia uzi, maji yafanye kazi. Kijiko hucheza kwa sababu kimepinda, kwa hivyo samaki anaona kama kasamaki kalikoumia. Si mambo mapya: Mmarekani Julio Buel alisajili chambo cha kijiko 1852, wakati hata Hoey hajazaliwa, yule aliyepea hii town jina lake la zamani, Hoey's Bridge.

Basi chukua kijiko kizee, kata mkono, toboa shimo kila upande, piga msasa kingo zisikate uzi. Upande mwembamba funga uzi, upande mpana ndoano. Kambare naye hajali kung'aa, anafuata harufu. Mpe nyungunyungu na uzito wa kumfikia chini.

Hapo kwa uzito ndio ninapogombana na watu. Kuna maboyz wanavunja betri za gari zilizokufa, wanayeyusha risasi kwa sufuria nyuma ya nyumba, na watoto wadogo wamezunguka jiko wakiangalia. Manze, hiyo ni sumu. Risasi inaingia kwa damu na kuharibu ubongo, watoto ndio huumia zaidi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kilicho salama. Ulizeni watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka wa 2020 korti iliagiza walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaenda hadi Mahakama ya Juu. Uingereza nao walipiga marufuku vipande vidogo vya risasi vya wavuvi 1987, kwa sababu bata maji walikuwa wanavimeza na kufa.

Mtaniambia ni sufuria moja tu, si kiwanda. Sawa, na ile asidi mlimwaga wapi? Karibu na sukuma ya mathe?

Na uzito uko bure! Fundi wa pikipiki hutupa plagi zilizoisha kila siku. Nati kubwa pia inafanya, hata kokoto ndani ya kipande cha soksi. Funga uzito kwa kauzi dhaifu kuliko mshipi wako. Ukikwama kwa mawe, kauzi kanakatika, unapoteza plagi pekee, ndoano inarudi.

Kama unajua fundi mwenye mkebe wa plagi, niambie kwa comments. Vijiko ninavyo.