Usiilaumu Brashi

Wako watu washikiliao kwamba mfano mdogo wa jahazi au gari hauwezi kupakwa rangi ikawa laini kwa mkono, ila kwa mashine ya kupulizia. Neno hili si la kweli, na madhara yake si madogo: humvunja moyo mwanafunzi asiye na fedha, akaiacha kazi ambayo mikono yake ingeiweza.

Kosa si la brashi. Ni la haraka. Tazama hesabu. Jahazi la meta 15, likipunguzwa mara 50, huwa mfano wa sentimeta 30. Rangi yenye unene wa nusu milimeta juu ya mfano huo ni sawa na milimeta 25 juu ya jahazi lenyewe! Yuko nahodha akubaliye chombo chake kipakwe hivyo? Maungo ya mbao humezwa, na michirizi husimama kama matuta ya shamba.

Dawa yake yajulikana. Ubao usuguliwe kwa msasa, upanguswe vumbi. Rangi ya mafuta itiwe tapentaini kidogo, iwe nyepesi, ipate kujilaza yenyewe kabla ya kukauka. Ipakwe mara tatu au nne, kila mpako ukisubiriwa ukauke kabisa. Na palipoanza kukauka pasirudiwe. Mpako wa kwanza utauonyesha ubao chini yake, usiogope.

Atakaye kuuficha ubao kwa mpako mmoja hataki uzuri, ataka kumaliza. Mtu wa namna hiyo, hata akipewa mashine, ataharibu.