Programu Ifapo, Iache Wosia

Walimu wa kompyuta huwafundisha vijana kuandika programu inayofanya kazi. Ni wachache wawafundishao kuandika programu inayoeleza kwa nini imeshindwa. Kwa maoni yangu, elimu hii ya pili haina budi kwenda pamoja na ile ya kwanza.

Mathalani, mwanafunzi ameandika programu kwa lugha ya Python, kisha akaiongezea sehemu ya lugha ya C ili hesabu ziende kasi. Akiomba namba ya 11 katika orodha yenye namba 10, Python humkatalia kwa maelezo. C haikagui. Programu nzima yaweza kufa bila neno la maana; au, lililo baya zaidi, ikaendelea na kutoa jibu la uongo.

Dawa yake ni ya siku nyingi. Mwaka 1949 Alan Turing alipendekeza kwamba mtunga programu aweke matamko yanayoweza kuhakikiwa moja moja. C inayo makro iitwayo assert: tamko lisipokuwa kweli, huchapa tamko hilo, jina la faili na namba ya mstari, kisha huikomesha programu.

Hata hivyo, hayo hayatoshi. Kuambiwa tu kwamba i < n si kweli ni sawa na mgonjwa kumwambia daktari "naumwa" akanyamaza. Makro yetu na ichape pia thamani zenyewe. Ikiwa n ni 10 na i ni 10, yamkini tumehesabu hatua moja zaidi. Ikiwa i ni 5,000,000, huenda thamani hiyo haikuwekwa kamwe. Tamko ni moja, maradhi ni mawili.

Wapo wasemao kwamba ukaguzi hupunguza kasi, na C huruhusu kuuzima kwa neno NDEBUG. Lakini mwaka 1973 C. A. R. Hoare aliwafananisha wafanyao hivyo na baharia avaaye jaketi la kuokolea maisha akijifunza nchi kavu, akalivua aingiapo baharini.

Walimu wenzangu, tunaposahihisha kazi za vijana, tusitoe alama kwa jibu sahihi pekee. Tuiulize kila programu: siku utakapokosea, utatuambia nini?