Kamioneti zetu za zamani: kabla ya kuongeza kitu, turudishe kile tulichoondoa

Siku ya soko, asubuhi mapema, kamioneti zinashuka toka Masereka na vijiji vingine vya milima ya Lubero zikiwa zimejaa viazi, kabichi na vitunguu kwa ajili ya wakaaji wa Butembo. Nyingi ni Toyota Hilux zilizotengenezwa miaka ya 1990, na zimebadilisha wenyewe mara nne au tano. Zikifika kwenye mlima zinatoa moshi mweusi unaofunika wanafunzi na akina mama wanaotembea kando ya barabara. Watu wanasema, "Gari imezeeka." Mimi nasema moshi ule ni mazutu ambayo mwenye gari aliyalipia na moteri haikuweza kuyachoma vizuri. Ni pesa inayopita hewani. Anayeilipa mwishoni si tajiri wa gari. Ni yule mama anayenunua viazi sokoni, kwa sababu bei ya kusafirisha gunia inafuata bei ya mazutu.

Hapa kwetu mazutu na esansi vinatoka mbali. Vinashuka kwenye bandari ya Bahari ya Hindi, vinapita Uganda, vinavuka mpaka wa Kasindi, na kila hatua inaongeza kitu kwenye bei. Wakati barabara imekatika au hali ya usalama imeharibika, tunabaki na Kadafi wa kando ya njia na bido zake, na bei anaisema yeye. Ndiyo maana kila wakati bei inapopanda, wenye kamioneti wanaanza kutafuta dawa. Mmoja anauziwa sumaku ya kufunga kwenye mrija wa mazutu. Mwingine anauziwa vidonge vya kutia ndani ya tanki. Wa tatu anaambiwa atoboe bomba la moshi.

Maoni yangu ni haya: kamioneti ya zamani haihitaji kuongezewa kitu ili ile mazutu kidogo. Inahitaji kurudishiwa kile tulichoondoa, na kuondolewa kile tulichoongeza.

Mimi mwenyewe nilianguka katika mtego huo. Nina Hilux yenye moteri ya 3L, dizeli ya litri 2.8 isiyo na turbo, na inabeba viazi mara mbili kwa juma. Nilinunua sumaku. Nikaifunga mrijani, nikazunguka nayo mwezi mzima nikijidanganya kwamba gari imekuwa nyepesi. Nilipoanza kuandika kwenye daftari litri nilizotia na safari nilizofanya, hesabu haikubadilika hata kidogo. Baadaye nilisoma kwamba shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira lilichunguza vifaa zaidi ya 100 vya aina hiyo, na halikupata hata kimoja kinachopunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Kama Wamarekani wamechunguza vifaa zaidi ya 100 wakakosa, sisi tutegemee kile kimoja cha sokoni?

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee. Hakufungua boneti kwanza. Aliniuliza, "Gari hii imefanyiwa nini tangu uinunue?" Nikaanza kuhesabu, na tulipofika mwisho tuliona kwamba kila tatizo lilizaa lingine.

Mwanzo ni mzigo. Hilux hizi ziliundwa kubeba tani moja hivi. Sisi tunazitia karibu tani mbili, na watu juu. Ili zibebe, tunaongeza springi. Halafu gari inashindwa mlima, na tunampelekea fundi aongeze nguvu. Fundi anazungusha skrubu ya pompi ili iingize mazutu mengi zaidi. Lakini moteri haiungui kwa mazutu peke yake, inahitaji hewa. Na hapa tuko juu: Butembo iko kwenye mita zaidi ya 1,700, na Masereka iko juu zaidi. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko pwani kwa karibu sehemu moja ya sita. Moteri isiyo na turbo haina njia ya kuongeza hewa hiyo. Kwa hiyo mazutu yaliyozidi yanageuka moshi mweusi na joto. Gari yetu ya mlimani ilipaswa kupewa mazutu kidogo kuliko gari ya Mombasa, na sisi tunaipa mengi zaidi.

Joto likizidi, gari inachemka. Badala ya kusafisha radiatere iliyojaa matope na kutu, tunatoa termostati na kuitupa. Ni kazi ya dakika chache, na karibu kila garaje inaifanya. Termostati ni mlango mdogo unaozuia maji yasikimbilie kwenye radiatere mpaka moteri ifikie joto lake, digrii 80 na kitu. Bila mlango huo, gari inapoteremka mlima wa Lubero katika baridi ya asubuhi, moteri inakaa baridi muda mrefu, mazutu hayaungui vizuri, mafuta ya moteri yanabaki mazito, na vyuma vinasagana. Katika moteri fulani ni vibaya zaidi, kwa sababu maji mengine yanapata njia ya mkato na kurudi bila kupita kwenye radiatere, na gari inachemka kuliko mwanzo. Kwa hiyo tunalipa mara mbili: kwenye mlima kwa moshi, kwenye mteremko kwa baridi.

Basi tulifanya nini? Tulianza na vya bure. Tulishusha chuma kikubwa cha mbele na mabomba ya juu ambayo mwenye gari wa kwanza alitia kwa sababu ya urembo. Kila kilo ambayo haiuzwi sokoni inabebwa bure kwenda na kurudi. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kilo 45 zisizo na kazi zinaweza kuongeza matumizi ya gari kwa karibu asilimia 1. Chuma kile peke yake kilikaribia uzito huo. Tuligundua pia kwamba vifungio vya magurudumu ya mbele vilikuwa vimefungwa siku zote, hata kwenye barabara kavu, na vyuma vya mbele vilizunguka bila kazi. Sasa tunavifunga wakati wa matope tu.

Halafu mipira. Tulipima upepo, tukakuta mpira mmoja una nusu ya kile kitabu kinachoagiza. Mpira uliolegea ni kama kutembea kwenye mchanga: unasonga, lakini unachoka. Baada ya safari fundi aligusa kila gurudumu kwa mkono. Moja la nyuma lilikuwa la moto sana, maana yake frea ilikuwa inakamata hata nikiwa sijaikanyaga. Nilikuwa ninaendesha gari na kuifunga frea kwa wakati mmoja, miezi mingi, bila kujua.

Mwisho vilivyohitaji pesa. Filtri mpya ya hewa, kwa sababu vumbi letu la kiangazi linaijaza kwa majuma machache, na moteri ya dizeli iliyokosa hewa inatoa moshi hata kama pompi ni nzima. Filtri mpya ya mazutu, hasa kwa sisi tunaonunua kwenye bido, ambako maji na petroli ya taa havikosekani. Termostati mpya, na radiatere ikasafishwa ndani na nje. Enjektere zikapelekwa kwa mtu mwenye mashine ya kuzipima, na mbili zilikuwa zinadondosha mazutu badala ya kuyapuliza kama ukungu. Na skrubu ya pompi ikarudishwa nyuma, kidogo kidogo, mpaka moshi mweusi ukabaki kivuli tu kwenye mlima mkali.

Safari niliyokuwa ninaimaliza kwa litri 20, sasa ninaimaliza kwa litri 17. Litri 3 zinaonekana ni kidogo. Lakini safari 2 kwa juma ni litri 6, na mwaka mzima ni litri zaidi ya 300. Hilo ni pipa moja na nusu la mazutu. Kila msomaji azidishe mwenyewe kwa bei ya litri anayoijua leo. Mimi nililipa garaje yote kwa pesa hiyo kabla mwaka haujaisha.

Vijana wananiletea simu na kunionyesha video za Wazungu wanaofunika sehemu ya nyuma ya kamioneti, wanaoishusha karibu na ardhi, wanaofunga vibao mbele ili upepo upite vizuri. Si uongo. Kwao gari inakimbia kilomita 100 kwa saa kwenye lami, na hapo upepo ndiye adui wa kwanza. Kwetu gari inatembea kilomita 20 au 30 kwa saa kwenye mashimo. Upepo hautuibii kitu. Wanaotuibia ni uzito, matope, na kupunguza na kuongeza mwendo kila mita 50. Ukishusha gari kwa barabara yetu utaiacha kwenye shimo la kwanza.

Kuna kitu kingine kinachoitwa akiba na ambacho kinaua watu. Ni kushuka mlima bila vitesi, na wengine wanazima hata moteri. Madereva wanasema wanapunguza mazutu. Ni makosa. Ukishuka na vitesi huku mguu umetoka kwenye mafuta, pompi yenyewe inakata mazutu, na magurudumu ndiyo yanazungusha moteri. Ukitoa vitesi, moteri inabaki inakula ili isizimike. Kwa hiyo anayetoa vitesi anatumia mazutu zaidi, na mzigo wote unabaki juu ya frea peke yake mpaka zinachomeka. Anayezima moteri anapoteza pia msaada wa frea na wa usukani, kwa sababu vyote viwili vinapewa nguvu na moteri. Tumezika watu kwa sababu ya akiba hiyo ambayo hata si akiba.

Ninajua mfanyabiashara atanijibu: "Unasema tupunguze mzigo, lakini tani mbili katika safari moja zinakula mazutu kidogo kuliko tani moja moja katika safari mbili." Ana haki. Ukihesabu mazutu peke yake, yeye anashinda. Lakini ahesabu pia springi zilizovunjika, ambreyaje iliyoungua, mipira iliyopasuka, siku tatu za kulala njiani na viazi vinavyooza. Tena ahesabu kwamba pompi iliyofunguliwa kwa ajili ya tani mbili haijifungi yenyewe gari inaporudi tupu. Mimi simwambii abebe nusu. Ninamwambia abebe kile gari inachoweza kupandisha bila pompi kuguswa. Hapo ndipo kipimo kilipo.

Wengine watasema kosa ni la barabara. Nao wana haki. Mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, uliundwa mwaka 2008, na sehemu ya pesa zake inatoka kwenye mafuta ya magari na kwenye vizuizi vya malipo. Maana yake kila mara tunapotia mazutu tunachangia barabara, na barabara mbovu inatufanya tutie mazutu mengi zaidi. Tuna haki ya kuuliza, kwa sauti kubwa na bila kuchoka, pesa hiyo inafanya kazi gani kati ya Butembo na Lubero. Lakini barabara ikitengenezwa kesho, gari isiyo na termostati na yenye frea inayokamata itaendelea kutupa pesa kwenye lami vilevile kama kwenye matope.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wenye kamioneti: nunueni daftari kabla ya kununua dawa yoyote. Andikeni litri na safari. Kama kipima kilomita kimekufa, tumieni njia mnayoijua urefu wake. Bila daftari mtu yeyote anaweza kukuuzia sumaku. Kwa mafundi: mteja akiwaambia mtoe termostati au mfungue pompi, mwelezeni kwanza atakacholipa baadaye. Anayewaheshimu atasikia. Na kwa vyama vya madereva: kipimo cha upepo wa mipira kwenye kila kituo cha magari hakigharimu pesa nyingi, na kingesaidia madereva wengi kuliko mkutano mmoja wa kulalamikia bei.

Bei ya mazutu haiamuliwi Butembo, na mimi na wewe hatutaishusha. Lakini moshi mweusi unaotoka nyuma ya gari yako, huo unaamuliwa na wewe. Kesho ukipanda mlima, tazama kioo cha pembeni. Kama humwoni anayekufuata, ujue ni mfuko wako unaoungua.