Mtoto akisema ndani kunanuka petroli

Mtoto ameamka usiku akisema sebuleni kunanuka petroli. Mzazi asimwambie alale tu, hasa kama pikipiki inayolazwa humo ni kuukuu, mfano Honda CG125 ya zamani.

Chini ya tangi kuna koki ya mafuta, na wengi hawaifungi. Ikibaki wazi, petroli huzuiwa na boya na sindano ndogo iliyo ndani ya kabureta. Uchafu ukinasa hapo, kabureta hufurika na kudondosha usiku kucha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, palepale penye godoro la watoto, na kibatari kinatosha kuuwasha. Kwanza watolewe watoto, milango ifunguliwe, kiberiti na swichi visiguswe.

Asubuhi, pikipiki ikiwa nje, koki ifungwe, mpira uchomolewe kwenye kabureta na kuelekezwa ndani ya chupa. Ikidondoka, koki ndiyo mbovu. Isipodondoka, fundi asafishe boya na sindano. Anayekimbilia kuuza kabureta nzima ana haraka na pesa ya mwenzake. Oili nayo ikinuka petroli, imwagwe kabla ya kuwasha injini.